Ukichelewa Utapwelewa

Kwenye diko la Kijichi, kituo cha mashua pale ambapo mto Mzinga unapanuka ukawa nusu mto nusu bahari, abiria hakuwa na desturi ya kuuliza saa ya kuondoka. Aliuliza neno moja tu, viatu mkononi na pindo la nguo keshalikunja:

"Nani kashika?"

Maana yake, nani kashika usukani. Akijibiwa "Kashika Mwishehe," alipanda bila kutazama anapokanyaga. Lakini jibu lilipoanza kuwa "Kashika Baba Koku," watu wakawa wanakumbuka ghafla kwamba wamesahau kitu nyumbani.

Baba Koku jina lake hasa ni Revelian. Alizaliwa Kemondo, ukingoni mwa ziwa, kwa baba aliyeunda mitumbwi na mashua, akakua akiokota vipande vya mbao chini ya tezo ya baba yake. Ujanani aliteremka kwa meli na treni hadi Dar es Salaam, akapata kazi ya useremala kwenye kiwanda kimoja cha samani huko Temeke. Alichonga madawati na meza za ofisi mpaka ikafika ile miaka ya ruksa, makochi ya nje yakajaa madukani, na meza za kiwanda zikakosa wa kuzikalia. Wafanyakazi wakapunguzwa. Revelian akafunga vyombo vyake kwenye gunia, akarudi Kijichi kwenye chumba chake katikati ya mikorosho, akamwambia mkewe Benedicta, "Mama Koku, mikono nimerudi nayo."

"Hiyo tu ndiyo ninayoihitaji," Benedicta akasema. "Paa linavuja."

Alipomaliza paa, akateremka mtoni kupunga upepo. Pale akaikuta mashua imelala ubavu juu ya mchanga, mataruma yake yako nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Ubavuni iliandikwa TARATIBU. Revelian akaizunguka. Akaigonga kwa kidole huku na huku, akaweka sikio. Sauti ya kike ikamuuliza kutoka nyuma:

"Wewe mtu wa bara, mashua waijulia wapi?"

Alikuwa Bi Hamisa, mwenye mashua, mjane ambaye ukoo wake ulikuwa pwani ile kabla mji haujajua kwamba utakuwa mji.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Kwetu kuna maji mengi, hata ng'ambo haionekani."

"Marahaba. Ya chumvi?"

"Ya kunywa."

"Basi hayo si maji, mwanangu. Huo ni mtungi."

Hata hivyo alimpa kazi, kwa kuwa mafundi wa pale walikwisha kumwambia aichome kuni. Revelian aling'oa mbao zilizooza, akapachika mpya, akachonga mabenchi ya abiria na kuyalainisha mpaka khanga isiweze kunasa uzi. Jambo la kukalafati alikuwa nalo tangu kwao, ila hapa alijifunza kuchovya pamba kwenye mafuta ya nazi kabla ya kuishindilia kati ya ubao na ubao. Akajifunza pia kupaka sifa, yale mafuta ya papa yanayoulinda ubao na kuufukuza usingizi wa nyumba nzima.

"Baba Koku," Benedicta alimwambia jioni moja, kajifunga khanga puani, "leo utalala na mimi au na hiyo mashua?"

"Na wewe."

"Basi kaoge tena."

Siku Taratibu iliposhuka majini ilikaa kama bata. Revelian akaifunga mwenyewe kwenye mti wa diko, kamba fupi, fundo la Kemondo, akaenda kula. Aliporudi, maji hayakuwapo. Mashua ilikuwa inaning'inia kwa pua, mkia topeni, na diko zima limekaa linamsubiri aje aone.

"Maji yameenda wapi?" akauliza.

Walicheka hadi wengine wakaketi chini. Tangu siku ile hakuna aliyemwona akipita asimwulize, "Baba Koku, maji yameenda wapi?" Naye alijibu bila kinyongo, "Ziwa letu haliendi popote. Limelelewa vizuri."

Hivyo akawa fundi wa diko. Lakini fundi wa mashua ni kama mpishi wa harusi: anapika, wanakula wengine. Kila Taratibu ilipoondoka na watu, akina mama na vikapu vya muhogo, wakulima na majembe yao, yeye alibaki mchangani na patasi mkononi, akiitazama kama mzazi anavyomtazama binti aliyeolewa mbali. Alitaka kuishika. Hakumwambia mtu, ila Benedicta alijua, kwa sababu usingizini mguu wake ulikuwa ukisukuma ukuta kama anayeondoa chombo ufukoni.

Bahati ikaja kwa njia ya magoti. Nahodha Mwishehe, aliyeshika usukani wa mto ule tangu ujana wake, magoti yalianza kumvimba. Akakubali kumfundisha Revelian. Mwishehe alikuwa mtu mkavu, mfupi wa maneno, na meno ya mbele yalikwisha muaga, kwa hiyo hata hayo maneno machache yalitoka yamechanganyika na upepo.

"Usitazame maji," alisema. "Maji yana uso mmoja tu, na wa uongo. Tazama mizizi ya mikoko. Chaza wakianza kuonekana mizizini, mto unakuaga. Kaa wakitoka topeni kucheza, umeshakuaga. Fungu la mchanga la katikati lipite kushoto ukienda, kulia ukirudi. Na mwezi ukiwa mpevu, maji ya bamvua hayana adabu. Yakiondoka yanaondoka mbio. Ukichelewa, utapwelewa."

Hilo la mwisho alilisema kila siku wakifunga kamba, kama mtu anavyosema amina. Na Revelian, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha shule na cha kiwandani, alisikia: ukichelewa, utapokelewa.

Alilipenda sana neno hilo. Kwao pia mgeni aliyechelewa huwekewa ndizi zake, zikafunikwa kwa jani zisipoe. "Watu wa pwani wanatutania," alimwambia Benedicta, "lakini roho zao nzuri. Hata nahodha anasema ukichelewa utapokelewa."

"Basi kesho chelewa kurudi," Benedicta akasema, "uone nitakavyokupokea."

Mafunzo yakaenda. Revelian alijifunza kuisikiliza mashua kwa nyayo, kuupinda usukani kabla haujahitaji kupindwa, kuwaketisha wanene katikati bila kuwaambia kwa nini. Tatizo likabaki ni watu. Mwishehe akiwa pembeni yake walipanda. Mwishehe asipokuwapo, "Nani kashika?" ikajibiwa, na mabenchi yakabaki matupu.

Akamwendea Bi Hamisa. Bi Hamisa akamsikiliza mpaka mwisho, akatema mate ya tambuu pembeni.

"Mashua yangu, Baba Koku, lakini roho ni zao. Mie sigawi usukani. Siku diko zima litakapokuitikia, usukani wako. Mwezi huu ukiisha bado wanakukimbia, na Mwishehe ndiyo hivyo keshachakaa, basi namuuzia yule bwana wa mkaa. Kaja mara mbili."

Bwana wa mkaa alikuwa na mpango wake, na hakuuficha: angeng'oa mabenchi yote, apakie magunia. Revelian alirudi nyumbani akipitisha kiganja chake juu ya kiganja, kana kwamba bado anausikia ule ulaini wa mbao za mabenchi.

Mwezi ukawa mpevu. Ng'ambo ya pili, Kibada, kulikuwa na harusi, na wageni wengi, Bi Hamisa akiwa mmoja wao, walikwisha vuka jana yake na Mwishehe. Waliobaki ni wapishi. Alfajiri ile, mto umejaa hadi kwenye majani ya mikoko, akaja Somoe, fundi wa pilau asiye na mpinzani Kijichi yote, na wanawake wenzake, na masufuria yanayoweza kuficha mtu, na mchele, na samli, na kifurushi cha vitu vya bibi harusi kilichofungwa kwa shuka jeupe.

"Nani kashika?" Somoe akauliza.

Mudathir, mpiga kasia, akatazama pembeni. "Mzee Mwishehe magoti yamemkataa leo."

"Sikukuuliza habari za magoti. Nani kashika?"

"Shikamoo, mama," Revelian akasema kutoka tezi, nyuma penye usukani. "Nimeshika mimi."

Somoe akaitazama mbingu. Akayatazama masufuria. "Ya Rabi, harusi haina siku mbili. Pandeni, jamani. Tukizama, pilau watakula samaki."

Wakapanda. Ikawa bado mtu mmoja: Anwar, mpiga ngoma. Anwar alikuwa fundi wa mikono na mvivu wa miguu. Hakuna harusi aliyowahi, na hakuna harusi iliyochangamka bila yeye. Wakasubiri. Jua likachomoza. Mudathir akakohoa.

"Nahodha, hayo maji."

"Kidogo tu."

"Mwacheni huyo!" Somoe akasema. "Twendeni! Atavuka kwa kuogelea, ngoma yake inaelea."

Revelian akatabasamu kwa upole. "Mama, mwenzetu akichelewa atapokelewa. Nahodha mwenyewe ndivyo anavyosema kila siku."

"Nahodha gani kasema?"

Lakini hapo Anwar alitokea kwenye vichaka vya mikorosho, anakuja polepole, ngoma begani, anatafuna kitumbua, na swali la Somoe likapotea katika matusi ya kumkaribisha. Mashua ikaondoka.

Revelian aliwaona chaza mizizini. Aliwaona, akajua, akaamuru makasia yapigwe kwa nguvu. Akawaona na kaa pia, wanatoka mmoja mmoja kama watoto waliofunguliwa shule. Akalitafuta fungu alipite kushoto. Maji yalikuwa yanateleza chini yao kama shuka linalovutwa kitandani. Kisha nyayo zake zikasikia kitu, laini, kama mkono wa mtu anayekuomba usimame. Taratibu ikasimama. Ikainama kidogo. Ikatulia.

Makasia yakachota tope.

"Tumepwelewa," Somoe akasema.

Uso wa Revelian ukachanua. "Tumepokelewa? Na nani?"

Walimtazama. Kisha Mudathir akaacha kasia lake likaanguka, akajishika tumbo, na kicheko kikatembea benchi kwa benchi mpaka omo, mbele kabisa, kikarudi. Somoe alilia machozi kabisa.

"Tume-pwe-le-wa, baba! Kupwa! Maji yamepwa yakatuacha tumekaa kama sufuria jikoni! Tupokelewe na nani hapa, na kaa?"

Ndipo Revelian alipoelewa. Miezi yote ya somo ikamrudia mara moja na maana yake mpya. Akaona aibu ikimpanda kutoka miguuni, na nyuma ya aibu akaona magunia ya mkaa. Kutembea haikuwezekana, tope la pale humeza mtu hadi kiunoni, kisha hudai shukrani. Hakuna la kufanya ila kusubiri mto uamue kurudi, na hilo lilikuwa jambo la adhuhuri.

"Mie nilisema," Mudathir akanong'ona.

"Ulisema. Nisamehe."

"Samahani kaombe kwa mwenye harusi," Somoe akasema. Lakini alikuwa keshavuta ungo. "Haya, mabibi, tumekaa bure? Mchele hauchambuliwi na malaika. Vitunguu hivi hapa. Na wewe Anwar uliyetuponza, piga hicho kidude tusikie."

Anwar akapiga. Katikati ya mto usio na maji harusi ikaanza bila bibi wala bwana. Ndege weupe waliokuwa wanadonoa topeni wakaruka, wakatua mbali kidogo, wakaamua kusikiliza.

Revelian peke yake hakucheka. Alisikia ubao ukilia. Mashua iliyolala na watu juu yake hulia, hilo alilijua, lakini kilio hiki kilikuwa cha mahali pamoja. Akavua shati, akachukua mfuko wake wa vyombo asioachana nao hata kanisani, akateremka taratibu huku kashikilia ukingo, mguu mmoja juu ya kasia ili asimezwe. Chini, karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, kisiki cha mkoko kilikuwa kimeisukuma Taratibu ubavuni, na pamba ya kiungo kizima ilikuwa imetoka, inaning'inia, imekwisha chanika na kujaa tope.

"Kuna nini huko?" Somoe akainamia ukingoni.

"Mama, mlango uko wazi. Maji yakirudi yataingia kabla hayajatuinua."

Ngoma ikanyamaza.

"Unaweza kuuziba?"

"Naweza. Nataka pamba. Safi."

"Utaipata wapi pamba hapa?"

Revelian akatazama kile kifurushi cha shuka jeupe. Pembe ya mto mpya wa kitandani ilikuwa imechungulia, imedariziwa kwa uzi mwekundu: Lala Salama.

"Hapana!" Somoe akasema. "Huo mto ni wa bibi harusi!"

"Mama, mto huu mkubwa ukiingia humu, huo mdogo hautafika."

Somoe mdomo ukaanza kumcheza. Akauchukua ule mto, akaufumua kwa meno, akamwangushia pamba nyeupe kama wali.

"Na samli kijiko kimoja," Revelian akasema.

"Samli yangu! Sasa unakalafati au unapika?"

"Kijiko tu, mama."

Akaichovya pamba, akaisokota juu ya paja, akaishindilia kwa patasi na nyundo, shibiri kwa shibiri. Nyundo ikawa inapiga, na Anwar, ambaye masikio yake hayakuwa na uvivu, akaanza kuijibu kwa ngoma. Wanawake wakadaka, mmoja akatunga papo hapo na wengine wakaitikia:

*Mto umetukimbia, tumebaki twatotoa,*
*Fundi kashuka matope, kwa mto atuokoa.*

Adhana ya adhuhuri ilipofika kwa mbali, maji yalikwisha anza kurudi, kwanza kwa vidole, kisha kwa viganja. Yakaigusa ile pamba. Revelian, amekwisha panda juu na tope hadi kidevuni, akaweka kiganja ndani ya mashua juu ya kile kiungo, akakaa hivyo. Akautoa mkono, akauinua wote wauone.

Ulikuwa mkavu.

Taratibu ikajinyanyua, na vigelegele vikafika Kibada kabla yao.

Kule dikoni watu walijaa. "Tulidhani mmekufa!" wakapiga kelele. "Tumepwelewa!" Somoe akajibu, anashusha sufuria. "Lakini vitunguu tayari, mchele tayari, tuonyesheni moto!" Bibi mmoja mkongwe akawapungia khanga: "Waliopwelewa, karibuni. Mmepokelewa." Revelian aliyasikia maneno yale mawili yamekaa pamoja kama ndugu, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Hata hivyo hakujidanganya. Alimtafuta Bi Hamisa, akamkuta kakaa mkekani na wazee wenzake.

"Bi Mkubwa, nimekuja kukurudishia usukani."

Bi Hamisa akamtazama tope lake kuanzia juu hadi chini. "Nilikupa lini, hata unirudishie? Nenda kaoge ule pilau. Kesho alfajiri uje utuchukue."

Jioni maji yalipojaa aliirudisha mashua Kijichi, akamwendea Mwishehe, akamweleza yote. Mzee alicheka mpaka akashika magoti.

"Kupokelewa! Kumbe muda wote huo nakufundisha heshima za wageni?"

"Mzee, ni meno."

"Ni kweli. Meno yangu yamezamisha watu." Akajifuta macho. "Haya, sema: u-ta-pwe-le-wa."

"Utapwelewa."

"Sasa umehitimu."

Alfajiri yake Taratibu ikagusa diko la Kibada, mto umejaa. Wageni wa harusi walikuwa wamesimama kundi, macho mazito kwa kukesha. Revelian akashika usukani, akasubiri watu wakumbuke walichosahau.

"Nani kashika?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Somoe akakunja pindo, akaingiza sufuria moja, akajiingiza mwenyewe, akakaa benchi la mbele kabisa. "Kashika aliyekwisha pwelewa," akasema. "Mwenye kupwelewa keshaelewa. Nyie mnataka aje nahodha mwingine ajifunzie juu yetu tena? Pandeni!"

Wakapanda. Mmoja, wawili, kisha msukumano. Benchi likajaa, likafuata jingine. Bi Hamisa alibaki peke yake mchangani, viatu mkononi, anawatazama kama watu asiowajua.

"Jamani," akauliza kwa sauti ya abiria yeyote, "nani kashika?"

"Baba Koku!" mashua nzima ikaitikia.

Bi Hamisa akaingia bila kutazama anapokanyaga.

"Yule wa mkaa akija," akasema akikaa, "mwambieni akatafute mikokoteni."

Chaza mmoja akaanza kuonekana kwenye mzizi wa mkoko. Revelian akamwona. Akatazama ufukoni: Anwar ndiyo kwanza anatokea kwenye kona ya njia, ngoma begani, anatafuna.

"Sukuma," akasema.

"Nahodha," Mudathir akauliza, macho yanacheka, "na Anwar?"

"Sukuma, bwana."

Makasia yakapiga. Anwar akasimama, akatupa alichokuwa anakitafuna, akaanza kukimbia, jambo ambalo hakuna mtu wa mto ule aliyewahi kulishuhudia.

"Baba Koku! Baba Koku, ningoje! Si ulisema nikichelewa nitapokelewa?"

Mashua nzima ikageuka kumjibu kwa sauti moja, wanawake na masufuria yao, Bi Hamisa na tambuu yake. Revelian hakugeuka. Alikuwa anatazama mizizi.